KUMLEA MWIMBAJI CHIPUKIZI: KUTOKA MANENO HADI MAANA

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili namna mwalimu anavyoweza kumwongoza mwimbaji chipukizi wa taarabu ili aimbe maana ya shairi wala si maneno yake tu. Msukumo wa kuyaandika ulitokana na kijana mmoja niliyemsikia mazoezini mjini Mombasa. Sauti yake haikuwa na ila, na wimbo mzima alikuwa ameunakili kutoka kwenye rekodi bila kukosea. Nilipomwuliza ni nani anayesema katika wimbo huo, na anamwambia nani, alinyamaza.

Suala hili halistahili kuahirishwa. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, Juma Bhalo mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016. Vijana wamebakia na rekodi zao. Rekodi humwonyesha kijana jinsi bingwa alivyoimba. Haimwambii kwa nini aliimba hivyo. Pengo hilo ndilo analopaswa kuliziba mwalimu.

Kughani kabla ya kuimba

Kabla ya udi na fidla kuletwa, mwanafunzi alighani shairi kwa sauti ya kawaida. Mashairi mengi ya taarabu yana mishororo ya mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Mwimbaji huzoea kuvuta pumzi kwenye mgao huo. Hata hivyo, yapo mawazo yanayovuka mgao na kukamilikia kwenye utao. Akipumua pale, wazo hukatika. Basi mwalimu aulize: wazo linaishia wapi?

Aidha, mkazo uchunguzwe. Neno 'barabara' likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia. Mkazo ukisogea nyuma hadi silabi ya pili ya neno, maana yake ni sawasawa. Mahadhi yakiuhamisha mkazo ovyo, msikilizaji hupotoshwa.

Nafsineni na muktadha

Siti binti Saad aliimba wimbo uitwao 'Kijiti', ambao Bi Kidude naye aliuimba. Wimbo huo unahusu kisa cha mwanamke aliyeuawa, na haki ikapindishwa mahakamani. Asiyekijua kisa hicho ataufanya wimbo wa kuchangamsha harusi. Vivyo hivyo, katika nyimbo za mafumbo, ua au njiwa huwa ni mtu, na mwimbaji sharti ajue ikiwa anamsifu, anamlaumu au anamwaga. Kibwagizo nacho kisirudiwe kama kengele: kila kinaporudi, kimebeba mzigo wa ubeti uliotangulia.

Kuiga, kisha kujitegemea

Kuiga si kosa; ni mlango wa kuingilia sanaa. Siti alirekodi nyimbo zake Bombay kuanzia mwaka 1928. Bi Kidude alizirithi baadhi ya nyimbo hizo, lakini hakuiazima sauti ya Siti. Aliziimba kwa sauti yake mwenyewe, nzito na ya kukwaruza. Mwalimu anaweza kumtaka mwanafunzi auimbe ubeti mmoja kwa njia mbili, mara kwa uchungu na mara kwa kejeli, kisha atetee mojawapo kwa ushahidi wa maneno ya shairi. Mwalimu asimtolee jibu. Kazi yake ni kuuliza hadi kijana alipate mwenyewe.

Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, hisia si kulia jukwaani wala kuipamba kila silabi kwa madoido. Penye uchungu mkuu, sauti tulivu hutosha. Pili, sifa zisitangulie kazi, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba malezi ya mwimbaji yanaanzia kwenye uhakiki wa shairi. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopata wajibu: anayejua kuuchambua ubeti darasani ana cha kumpa mwimbaji mazoezini. Kijana yule wa Mombasa alilisoma shairi lake upya pamoja nasi, mshororo baada ya mshororo. Alipoimba tena, noti zilikuwa zile zile. Ila safari hii palikuwa na mtu anayesema, na sisi tuliokuwapo tulijua anamwambia nani.