Kuandika Pendekezo la Kongamano la Ufundishaji: Somo kwa Wakufunzi wa Vyuo

Eneo la Uthiru limezungukwa na taasisi za elimu. Karibu na Barabara ya Waiyaki ipo Politekniki ya Kitaifa ya Kabete, iliyoanza mwaka 1924, na kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijiji. Hata hivyo, mbinu nyingi nzuri za wakufunzi huishia darasani. Mkufunzi akihama au kustaafu, huondoka nazo, na anayechukua nafasi yake huanza upya.

Kongamano la ufundishaji ni njia moja ya kuzuia hasara hiyo. Mlango wake ni pendekezo: maelezo mafupi ya kile mkufunzi anataka kuwasilisha. Mara nyingi watathmini husoma mapendekezo bila kuonyeshwa majina, kwa hivyo cheo hakimsaidii mwandishi. Wao hutafuta jibu la swali moja: ni nini kilichobadilika kwa mwanafunzi, na mkufunzi amejuaje?

Chukua mfano wa mkufunzi wa ushonaji. Wanafunzi wake wanaharibu vitambaa kwa kukata kabla ya kupima vizuri. Anaamua kwamba kila mwanafunzi atamweleza mwenzake vipimo vyake kabla ya kushika makasi. Akiandika pendekezo lenye kichwa "Umuhimu wa Mbinu Shirikishi", huenda likakataliwa, kwa sababu hata mtu ambaye hajawahi kufundisha ushonaji angeweza kuliandika. Lakini akieleza idadi ya wanafunzi, muda aliotumia, vipande vilivyoharibika kabla na baada, na makosa ambayo bado yanajirudia, mtathmini ana kitu cha kupima.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Soma tangazo lote. Angalia mada, tarehe ya mwisho, idadi ya maneno na aina ya uwasilishaji: hotuba fupi, warsha au bango. Pendekezo zuri linalovuka idadi ya maneno linaweza kuondolewa kabla ya kusomwa.

2. Eleza tatizo kwa sentensi mbili au tatu, kisha ulichofanya, ulichoona, na somo ambalo mkufunzi wa fani nyingine anaweza kulitumia.

3. Sema ukweli kuhusu mipaka ya kazi yako. Darasa moja halithibitishi jambo kwa nchi nzima. Kama kazi haijakamilika, andika kwamba inaendelea.

4. Linda wanafunzi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha, alama na majina yao ni taarifa binafsi. Omba idhini yao. Kwa aliye chini ya miaka 18, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Mwanafunzi asiogope kwamba akikataa atapunguziwa alama.

5. Uliza mapema kuhusu kibali. Utafiti wa kisayansi nchini unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, ambayo ofisi zake ziko Upper Kabete. Uongozi wa chuo ushauriwe kabla ya kukusanya taarifa, si baada.

6. Mpe mwenzako wa idara nyingine asome. Akishindwa kueleza hoja yako kwa sentensi moja, andika upya.

Wakufunzi wajihadhari pia na makongamano ya ulaghai. Dalili zake ni kukubaliwa kwa saa chache, kudaiwa ada kabla ya pendekezo kutathminiwa, na kamati isiyojulikana. Hata kongamano halali huweza kutoza ada ya kushiriki. Ni vyema kujua nani atalipa kabla ya kutuma.

Pendekezo likikataliwa, mwandishi aombe maoni ya watathmini, alirekebishe na kulituma kwingine. Asiye na pendekezo mwaka huu anaweza kuanza na daftari: aandike tatizo moja la darasa lake, ahesabu linavyojitokeza sasa, kisha abadilishe jambo moja tu. Asipohesabu mwanzoni, mwisho wa muhula hatakuwa na cha kulinganisha.