Majani ya Miti na Homa za Mbu

Mara nyingi mama hufika kwetu siku ya nne ya homa, mtoto amelegea mgongoni. Tukimwuliza, "Mama, umempa nini?" hujibu, "Nimemnywesha majani ya mwarobaini. Mtoto wa jirani alipona kwayo." Mama huyu si mjinga, wala hatumcheki. Dawa nyingi nzuri zimetoka katika miti. Lakini yafaa tujue: mti gani, kwa ugonjwa gani, na kwa kipimo gani?

1. Mti uliotusaidia

Huku kwetu Uvira watu huita kila kidonge "kinini". Neno hili latoka katika kwinini, dawa ya malaria iliyomo ndani ya ganda la mti wa kinkina. Mti huo ulitoka Amerika ya Kusini, ukapandwa katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimetengeneza kwinini kwa maganda yake. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa kwinini katika ganda ikiwa peke yake. Ndipo waganga walipoweza kuipima, na kumpa kila mgonjwa kiasi kinachomfaa. Vivyo hivyo, mwaka 1972, Wachina walitoa artemisinini katika mmea wa artemisia.

2. Homa za mbu si moja

Malaria huletwa na kijidudu kiingiacho katika damu. Mbu wake huuma usiku. Lakini dengi, chikungunya na homa ya manjano huletwa na virusi, navyo ni vidogo kuliko kijidudu hicho. Mbu wake ni mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana, na huzaa katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa, makopo na matairi. Chikungunya ilijulikana kwanza mwaka 1952 kwa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Jina lake ni la Kimakonde, kwa sababu maumivu ya viungo humkunja mtu. Kwinini haiponyi chikungunya. Ufunguo wa nyumba moja haufungui nyumba ya jirani.

3. Je, majani huua virusi?

Wataalamu wamejaribu majani mengi. Maji ya baadhi ya majani yamezuia virusi ndani ya chupa ya maabara. Habari hiyo ni njema, lakini ni mwanzo tu. Katika chupa dawa hugusa virusi mara moja; katika mwili lazima ipite tumboni na kwenye ini. Tena, kiasi kinachoua virusi chaweza kumdhuru mtu mwenyewe. Huko Malesia na India wagonjwa wa dengi wamepewa maji ya majani ya mpapai. Katika majaribio mengine chembe zinazogandisha damu ziliongezeka upesi, lakini haijathibitishwa kwamba majani hayo huzuia kifo. Mpaka leo hakuna jani wala kidonge kilichothibitishwa kuponya dengi au chikungunya.

Basi, mbona mtoto wa jirani alipona? Kwa sababu wengi wenye homa hizi hupona wenyewe kwa siku chache, wanywe majani au wasinywe. Lakini malaria haingoji. Homa zote mbili hufanana mwanzoni, na mtoto mwenye malaria aweza kufa huku tukichemsha majani.

4. Tufanye nini?

- Mtoto akipata homa, mleteni siku ile ile apimwe damu.
- Mpeni maji safi ya kunywa mara kwa mara, na parasetamoli kwa kipimo. Msimpe aspirini, maana kwa mwenye dengi huzidisha kutoka damu.
- Akitapika sana, akiumwa sana na tumbo, akitoka damu, au akipata degedege, msingoje kuche.
- Kama amekunywa majani, semeni bila haya. Mwuguzi anahitaji kujua.
- Funikeni mapipa ya maji, na kuyasugua kila juma. Laleni ndani ya chandarua.
- Homa ya manjano ina chanjo. Msiikose.

Maswali

1. Kwa nini kwinini haiponyi chikungunya?
2. Mtu akipona baada ya kunywa majani, je, ni hakika kwamba majani yamemponya? Elezeni.
3. Katika nyumba yako, maji gani hayana kifuniko?