Koo ni la Akko, si lako

Mdogo wangu wa Biliqo, najua kilichokukaba. Mbuzi wameuzwa ili nauli ipatikane, mmekula vumbi hadi hospitali ya Isiolo, na humo ndani daktari anaongea Kiswahili, nyanya yako, Akko, anajua Kiborana tu. Wewe uliyesoma ndiye mdomo wa wote wawili. Daktari akasema ni saratani ya umio. Ukamgeukia Akko ukamwambia: ni kidonda cha koo, utameza dawa upone.

Sikulaumu. Nani ana moyo wa kumtamkia nyanya yake jambo kama hilo, mjomba naye amekukazia macho? Wazee husema habari mbaya huua kabla ya ugonjwa, na wana lao, maana aliyekata tamaa hata uji humshinda. Lakini hebu tuulizane, hiyo habari ni ya nani?

Akko si mtoto. Anawaona mnavyonong'onezana nje ya wodi, na chai inapokwama kooni ni yeye anayeisikia. Mkimdanganya anabaki na hofu yake peke yake, hana wa kumuuliza. Na ana mambo yake, jamani: deni, wasia, ng'ombe aliowaahidi wajukuu, dada yake wa Merti ambaye hawasemezani. Kesho akiletewa fomu ya upasuaji atie kidole gumba, atakuwa amekubali nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mfichaji ni wewe.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu na hatari zake, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Ni kweli imeacha mwanya, pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia kutakuwa kinyume na maslahi yake. Usijifiche humo, nakuona! Machozi ya mjomba si ushahidi.

Wala sisemi umrushie usoni. Muulize kwanza: "Akko, nikwambie yote aliyosema daktari, au nimwambie mjomba?" Akisema mwambie mjomba, ameamua mwenyewe, kukataa kujua si sawa na kudanganywa. Akisema niambie, keti karibu, mshike mkono, sema polepole, usimkatize akinyamaza. Na ulimi ukiwa mzito, mwombe daktari atafute muuguzi Mborana aseme yeye, nawe ubaki mjukuu tu.