Kidogo Tulicho Nacho Mikononi mwa Bwana



Katika somo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali ambalo wengi hulibeba kimya kimya: mtu asiye na fedha, asiye na elimu kubwa wala kipaji cha kuonekana, ana nini cha kumtolea Mungu? Tunaanza na kosa letu wenyewe.

1. Tulichojifunza Njisi

Wakati wa likizo tulitumwa mafrateri wawili kusaidia utume huko Njisi, wilayani Kyela, karibu na Kasumulu, ambako mto Songwe unatutenganisha na ndugu zetu wa Malawi. Ulikuwa msimu wa mavuno ya mpunga. Tulipewa kazi ya kuandika michango ya sakafu ya kanisa la kigango. Tulipiga mistari vizuri katika daftari: jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, salio. Baada ya ibada ya Jumapili tulisoma majina yote kwa sauti.

Mama mmoja mjane, ambaye kila Jumamosi hufagia kanisa, alikuwa ameleta mchele katika mfuko. Tuliupokea, tukauweka kando, tukaendelea kuandika. Jina lake halikusomwa. Jumapili iliyofuata hakuja, na kanisa halikuwa limefagiliwa.

Katekista, mzee wa miaka mingi katika utume, hakutukaripia. Alisema tu, "Mafrateri, twendeni tukamsalimie mama." Tulimkuta akianika mpunga. Alitukaribisha, akatutafutia viti, akauliza habari za masomo. Tulipomwuliza kwa nini hakuonekana kanisani, alijibu kwa upole: "Wanangu, niliona daftari lenu halina mahali pa mchele. Nikajua kazi hii ni ya wenye fedha."

Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini njiani hatukuwa na la kuzungumza. Tulikuwa tumesoma mengi darasani juu ya hadhi ya binadamu, na tukashindwa kuiona ilipokuja mbele yetu imebeba mfuko wa mchele.

2. Macho ya Yesu

Yesu naye aliketi akitazama watu wakitoa sadaka (Mk 12:41-44). Matajiri walitia fedha nyingi. Mjane maskini alitia sarafu mbili ndogo. Mwenye kuandika daftari angeona tofauti ya kiasi. Yesu aliona kilichobaki mkononi baada ya kutoa: wale walibaki na mengi, yule mama hakubaki na kitu.

Vivyo hivyo kando ya ziwa la Galilaya (Yn 6:1-13). Mikate mitano ya shayiri na samaki wawili ilikuwa chakula cha mtoto. Andrea mwenyewe aliona kwamba haitoshi chochote, na kwa hesabu alikuwa sahihi. Ila Yesu hakuuliza kama inatosha. Aliipokea, akashukuru, akaigawa.

Nasi tunaosoma falsafa tusidhani kwamba jambo hili linajulikana kwa imani peke yake. Zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, Aristotle alifundisha kwamba ukarimu haupimwi kwa wingi wa kitu kinachotolewa, bali kwa moyo wa mtoaji na kwa uwezo alio nao. Mwenye kutoa kidogo aweza kuwa mkarimu zaidi, ikiwa alicho nacho ni kidogo. Akili inafika hapo. Imani inatupeleka mbele zaidi: Mungu hasifu tu sadaka hiyo ndogo, anaitumia.

3. Vijana wawili wa Paimol

Jirani zetu wa Uganda wana mfano mzuri: Wenyeheri Daudi Okelo na Jildo Irwa. Walikuwa Waacholi, wakabatizwa mwaka 1916. Katekista wa Paimol alipofariki, Daudi aliomba kwenda kuchukua nafasi yake, na Jildo akafuatana naye. Safari ilikuwa ndefu na mahali penyewe palikuwa pa hatari, padre aliwaonya.

Walikuwa na nini? Hawakuwa na fedha wala cheo. Daudi alikuwa na ngoma ya kuwaita watu kwenye sala na katekisimu aliyoijua vizuri. Jildo alikuwa mtoto bado. Kipaji chake kilikuwa kuwakusanya watoto wenzake na kucheza nao ili wapende kuja kufundishwa. Mnamo Oktoba 1918 waliuawa kwa mikuki kwa sababu ya utume huo, Daudi akiwa na miaka kati ya 16 na 18, na Jildo kati ya 12 na 14. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002.

Sisi wenye miaka 25, tunaosema bado hatujawa tayari, tuna la kujibu mbele ya watoto hao.

4. Tahadhari mbili

Kwanza, tusiudharau mchango wa mdogo. Parokia inahitaji fedha. Sakafu haijengwi kwa maneno. Lakini maskini akianza kuona aibu kuja kanisani kwa sababu ya michango, tumejenga sakafu na kumpoteza wa kuikanyaga.

Pili, tusiufanye udogo wetu kuwa kisingizio. Mtumishi aliyepewa talanta moja aliifukia kwa hofu (Mt 25:14-30). Na talanta moja haikuwa kitu kidogo: ilikuwa sawa na dinari 6,000, wakati dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Tunachokiita kidogo, mara nyingi hatujakipima vizuri. Anayejua kuimba aimbe, anayejua kufagia afagie, mwenye baiskeli ampeleke mgonjwa zahanati.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium namba 34, unafundisha kwamba kazi, sala, maisha ya ndoa na hata taabu za kila siku za walei huwa sadaka ya kiroho, inayotolewa kwa Baba pamoja na Mwili wa Bwana katika Ekaristi. Padre anapotia tone la maji katika divai, tulitazame vizuri tone lile. Likishaingia, hakuna awezaye kulitoa tena.

Kabla ya kuondoka Njisi tuliongeza safu moja katika daftari: mazao na kazi. Jina la kwanza lilikuwa la mama yule: mchele, na kufagia kanisa kila Jumamosi. Jumamosi yetu ya mwisho tulifagia pamoja naye. Alituonyesha pembe tulizoziruka.

Maswali ya kutafakari

1. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyeacha kuja kwa sababu hana cha kutoa? Nani ataenda kumsalimia?
2. Ni kipaji gani tumekifukia kwa kuogopa kwamba ni kidogo?
3. Wakati wa matoleo, tunaweka nini juu ya altare pamoja na mkate na divai?

Bwana aliyepokea mikate ya mtoto apokee na yetu. Amina.