Herufi za Miaka 20: Dizaina Anapofanya Kazi Ambayo Hakuna Aliyemwagiza

Hapa chuoni dizaina ni mtu wa dharura. Anatafutwa saa nne usiku na katibu wa chama fulani anayetaka posta ya mahafali iwe tayari asubuhi, analipwa elfu tano (au anaambiwa "nitakutumia kesho"), kisha wiki inayofuata anatafutwa tena. Bumu likichelewa, hizo elfu tano ndizo zinazonunua chakula, kwa hiyo sizidharau. Kinachonisumbua ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi hiyo miaka mitatu mizima, akavaa joho, na asiwe na hata kazi moja ambayo ukiitazama unasema: hii ni ya fulani.

Kumbuka tu posta za kampeni za uchaguzi wetu uliopita. Mgombea katikati, mikono amekunja kifuani, miale ya bluu nyuma yake, jina kwa herufi nene za kumeremeta. Ungebadilisha majina usiku, asubuhi hakuna ambaye angegundua. Si kwamba madizaina wetu hawana uwezo. Wote wanachota kisima kimoja, templeti za bure kwenye simu.

Nataka tujifunze kwa dizaina mmoja wa Kiafrika aliyejichimbia kisima chake mwenyewe. Anaitwa Saki Mafundikwa. Alizaliwa 1955 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akaenda kusoma Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Indiana, kisha Yale alikochukua shahada ya uzamili ya usanifu wa grafiki. Akafanya kazi New York na kufundisha katika chuo cha Cooper Union. Hadi hapo ni hadithi ya kawaida ya mtu aliyefanikiwa ughaibuni. Lakini pembeni ya kazi za mshahara alikuwa na jambo lake: alikuwa anakusanya maandishi ya Afrika. Alilianza akiwa mwanafunzi Yale, akaendelea nalo kwa takribani miaka 20, na mwaka 2004 likatoka kama kitabu, *Afrikan Alphabets*. Afrika ameiandika kwa k, kama tunavyoiandika sisi siku zote.

Kuna tofauti kati ya kazi binafsi na kazi ya mteja, hata kama zote unazifanya kwa laptopu moja. Mteja anakuja na jibu nusu: rangi hizi, maneno haya, tarehe hii. Wewe unamalizia. Kazi binafsi inaanza na swali, na hakuna wa kukuambia imetosha. Swali la Mafundikwa lilikuwa rahisi tu kulisema. Darasani anafundishwa historia ya herufi inayotoka Roma, inapita Ujerumani kwa Gutenberg, inaishia Uswisi na New York. Je, kwetu hakukuwa na watu waliokaa chini wakabuni maandishi?

Walikuwepo, tena wengi. Wavai wa Liberia walikuwa na maandishi ya silabi yaliyobuniwa na Momolu Duwalu Bukele kwenye miaka ya 1830. Solomana Kanté wa Guinea alikamilisha herufi za N'Ko mwaka 1949, kwa ajili ya lugha za Kimande, na leo watu wanatumiana ujumbe kwa herufi hizo kwenye simu. Ila wa kukaa naye kidogo ni Njoya, mfalme wa Wabamum kule Foumban, Kamerun, kwa sababu huyu, mimi kama mwalimu mtarajiwa, namwona ndiye dizaina wa kufundishia kuliko wote.

Njoya alianza kwenye mwaka 1896. Inasimuliwa kwamba aliwaagiza watu wake wachore alama za vitu mbalimbali na kumletea, naye akachambua. Toleo la kwanza lilikuwa na alama karibu 500, kila alama ikisimamia neno au wazo. Sasa fikiria mtoto wa shule anakariri alama 500! Njoya hakuridhika. Akapunguza. Akatumia, akaona panapokwama, akapunguza tena. Alama zikaacha kusimamia vitu zikaanza kusimamia sauti, na michoro yenyewe ikawa myepesi kwa mkono, maana mchoro unaochukua dakika nzima haufai kuandikia barua. Kufikia 1910 alikuwa kwenye toleo la sita, lenye alama 80 hivi. Wenyewe waliliita a-ka-u-ku, kwa alama zake nne za mwanzo, kama tunavyosema "a-be-che". Akafungua shule, maandishi yakafundishwa, kumbukumbu za ufalme zikaandikwa. Baadaye utawala wa Kifaransa ukazifunga shule hizo na kumhamishia Njoya Yaoundé mwaka 1931. Akafa huko 1933.

Matoleo sita kwa miaka kama 14. Dizaina wa hapa bwenini akiambiwa "rudia rangi ya nyuma" anakasirika siku mbili.

Sasa rudi kwa Mafundikwa uone kazi binafsi ilimfanyia nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliacha New York akarudi Harare, na mwaka 1999 akafungua shule ya usanifu aliyoiita ZIVA. Kwa Kishona neno *ziva* linabeba maana ya kujua. Kazi ya shule ilikuwa kuwaleta vijana kwenye kompyuta bila kuwaambia waache macho yao mlangoni. Watazame vitu vya kwao, wachote humo. Mtaala huo hakuununua popote. Ulitokana na yale makaratasi aliyokuwa anakusanya bila kulipwa. Hata Zimbabwe ilipoporomoka kiuchumi, pesa ikawa haina thamani, hakunyamaza: mwaka 2009 alitoa filamu ya hali halisi, *Shungu*, kuhusu watu wa kawaida walivyoishi katika kipindi hicho.

Najua kuna mtu keshasema moyoni, "Huyo alikuwa New York, ana mshahara, mimi nina laki mbili na natakiwa nimtumie mama." Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Muda wa kukaa bila kulipwa ni mali, na wengine hawana. Hata hivyo kukusanya ni kazi ya bei nafuu kuliko zote katika sanaa. Haitaki programu ya kulipia wala bando kubwa. Inataka daftari, kamera ya simu uliyo nayo, na uvumilivu wa kufanya kidogo kila wiki hata pale ambapo hakuna anayebonyeza "like".

Na cha kukusanya kipo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Mswada wa Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Waandishi wa pwani walikuwa na shida ya kiufundi kabisa: Kiarabu kina alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano, na Kiarabu hakina p. Kila mwandishi alitafuta njia yake, wengine wakaongeza nukta, wengine wakamwachia msomaji akisie. Huo ni usanifu wa herufi, jamani, ila sisi tunaupitia haraka kwenye historia ya Kiswahili kwa ajili ya mtihani na kuusahau. Kanga nazo: maneno yake, lile tunaloliita jina la kanga, zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi. Ukilinganisha kanga za bibi na za dada yako, utaona jinsi herufi zilivyobadilika unene na nafasi ndani ya kile kiboksi chembamba.

Halafu kuna herufi za mtaani, ambazo ndizo zinaniuma zaidi kwa sababu zinaondoka tukiwa tunatazama. Saluni, bucha, duka la mangi, mlango wa gereji: zamani kidogo vyote viliandikwa kwa brashi na mafundi wa mabango, kila fundi na mkono wake. Leo mwenye duka anaprinti bango la plastiki kwa siku moja, la zamani linapakwa rangi juu au linang'olewa. Simlaumu, ni biashara yake. Ila ile S yenye mkia uliojikunja chini ya neno "Salon" ikipakwa rangi leo, hakuna kompyuta itakayoirudisha, kwa sababu haikuwahi kuwa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo zoezi lenyewe, hasa kwa wenzangu tunaokwenda mafunzo kwa vitendo shuleni. Chagua aina moja tu ya herufi, mfano za bucha, au za nyuma ya bajaji. Piga picha ukiwa umesimama sawa mbele ya bango, si kwa pembeni, ili umbo lisipinde. Andika siku hiyohiyo mahali, tarehe, na kama rangi ni ya mafuta au ya maji. Ukifika nyumbani usikimbilie kompyuta. Nakili herufi moja kwa mkono mara kumi, maana mkono utakuambia fundi alianzia wapi na brashi aliinyanyua wapi, kitu ambacho jicho peke yake halikioni. Ukishakuwa na 20, zipange mezani. Hapo ndipo utaanza kuona kwamba mabango mawili ya mitaa tofauti yaliandikwa na mtu mmoja.

Mtafute huyo mtu. Mwamkie, mweleze unasoma wapi na unataka nini, mwombe ruhusa kabla ya kumpiga picha akiwa kazini. Wengi wao ni watu wazima sasa na hawaulizwi mara kwa mara kuhusu herufi zao. Nenda na daftari, na usiwe na haraka ya kuondoka.