Moyo unaodunda ovyo: Sukuma wiki, magadi na vidonge vya chupani

Je, umewahi kuhisi moyo wako ukienda mbio bila sababu, ukiruka pigo moja kisha ukapiga mawili kwa pamoja, kama ngoma iliyompotea mpigaji? Wengi husema ni uchovu, au ni mawazo, au ni chai ya rangi iliyozidi. Huenda ikawa hivyo. Lakini pia huenda ukawa ni ugonjwa ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria, yaani mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo.

Juma hili tunaangalia swali ambalo mgonjwa wa aina hii, awe wa Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, hutoka nalo kliniki: Sasa nile nini? Na je, ninunue vidonge vya lishe vya kuimarisha moyo?

Jibu kwa ufupi ni hili. Chakula humsaidia sana mgonjwa huyu, lakini hakichukui nafasi ya dawa. Isitoshe, baadhi ya vidonge vinavyosifiwa kwamba ni vya moyo vyaweza kuuvuruga mdundo huo huo unaotaka kuutuliza.

UGONJWA WENYEWE

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Kila pigo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme inayotoka katika chumba cha juu cha kulia. Katika ugonjwa huu, cheche hutokea sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Vyumba vya juu hubaki vikitetemeka badala ya kukamua damu. Damu hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka na kufika ubongoni, mgonjwa hupatwa na kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mtu mwenye ugonjwa huu huongezeka takriban mara tano.

Visababishi ni vingi: shinikizo la damu, unene, kisukari, pombe, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kwetu Afrika Mashariki kuna kisababishi kingine kinachowapata hata vijana. Mtoto huumwa koo, hatibiwi vyema, kisha homa ya baridi yabisi inashambulia vali za moyo wake. Miaka mingi baadaye vali hizo hukakamaa na mdundo ukavurugika.

DAWA ILIYOANZIA KWA NG'OMBE

Wagonjwa wengi hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Mojawapo, warfarini, ina historia ambayo mfugaji wa Kajiado ataielewa upesi.

Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na Marekani waliona ng'ombe wao wakivuja damu hadi kufa, hasa baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Iligunduliwa kwamba wanyama hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Mwanakemia Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliitambua kemikali iliyokuwamo, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kwanza kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kutibu binadamu.

Siku hizi zipo dawa mpya zisizohitaji damu kupimwa kila mara. Hata hivyo, kwa wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, warfarini bado ina nafasi yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliilinganisha rivaroksabani, ambayo ni dawa mpya, na dawa za jamii ya warfarini. Waliotumia jamii ya warfarini walikufa kwa uchache zaidi.

Ndiyo sababu suala la mboga ni zito kwetu. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, nayo warfarini huzuia kazi hiyo. Kwa hiyo, vitamini K iliyo katika chakula chako hushindana na kidonge chako kila siku.

MBOGA: USIACHE, USIZIDISHE

Sukuma wiki, mchicha, terere, managu na kunde zina vitamini K kwa wingi. Kikombe kimoja cha sukuma wiki iliyopikwa hupita mahitaji ya mtu mzima ya siku nzima mara kadhaa. Kabichi nayo ina kiasi kidogo zaidi.

Wengine wakisikia hayo huacha mboga kabisa. Hilo ni kosa. Mboga hizo hushusha shinikizo la damu na husaidia kupunguza uzito, na yote mawili ni nafuu kwa moyo. Isitoshe, mtu asiyepata vitamini K ya kutosha, damu yake huyumba kwa jambo dogo tu.

Kanuni ni usawa. Kama umezoea kula sukuma wiki mara nne kwa juma, endelea na mara nne. Daktari atapanga vidonge kulingana na chakula chako. Usikae majuma mawili bila mboga kisha ukala sufuria nzima ya managu kwa siku tatu mfululizo.

Kipimo kinachoonyesha kama mambo yako sawa huitwa INR. Kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, ingawa wenye vali za chuma huenda wakapangiwa zaidi. Kikishuka, damu huelekea kuganda. Kikipanda mno, damu yaweza kuvuja puani, kwenye ufizi, tumboni au hata ubongoni.

MVUA NA KIANGAZI

Hapa ndipo mgonjwa wa Kajiado anatofautiana na yule wa mjini. Kitengela, mboga hupatikana sokoni mwaka mzima. Lakini katika maboma yaliyo mbali na barabara ya Namanga, chakula hufuata mvua. Masika na vuli huleta terere na managu, na maziwa huwa tele. Kiangazi kikikaza, mboga hutoweka na watu hubaki na ugali, chai na nyama kidogo. Ukame wa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, ambapo mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, uliwaonyesha wengi jinsi sahani inavyoweza kubadilika.

Tuseme mzee alipimiwa dawa yake wakati wa mvua, akila mboga kila siku. Kiangazi kinafika, mboga zinaisha, naye anaendelea kumeza kidonge kile kile. Vitamini K imepungua, kwa hiyo dawa ile ile sasa ina nguvu zaidi. Asipopimwa, aweza kuanza kutokwa na damu bila kujua kiini chake. Mvua zikirudi, mambo hugeuka: mboga zinakuwa nyingi, dawa inadhoofika, na hatari ya bonge inarejea.

Kwa hiyo, msimu unapobadilika, nenda ukapimwe damu hata kama hujisikii vibaya. Mwambie mhudumu wa afya waziwazi: "Chakula chetu nyumbani kimebadilika." Maneno hayo manne yaweza kuokoa maisha.

MAGADI NI CHUMVI YA AINA NYINGINE

Shinikizo la damu ndilo adui mkubwa wa mdundo wa moyo, na chumvi hulichochea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai.

Wengi wetu huhesabu chumvi ya mezani tu. Tunasahau magadi yanayotoka katika ziwa letu wenyewe hapa Kajiado, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911. Jikoni, magadi hutumiwa kulainisha githeri na mboga ngumu. Kwa kuwa hayana ladha kali ya chumvi, mpishi huyahesabu kuwa si kitu. Kumbe sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, imo pia katika magadi. Gramu 100 za chumvi zina takriban gramu 39 za sodiamu. Magadi safi yana karibu 30.

Njia mbadala ipo. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uchemshe kwa maji mapya. Yatalainika bila magadi. Punguza pia vijiwe vya mchuzi, soseji na krispi.

POTASIAMU NA MAGNESIAMU

Umeme wa moyo huhitaji madini haya mawili. Yakipungua, mdundo huvurugika kwa urahisi. Upungufu huwapata hasa wanaotumia vidonge vya kukojoza maji, mathalan furosemaidi, na walioharisha au kutapika sana. Anayetumia dijoksini awe mwangalifu zaidi, kwani potasiamu ikishuka, dawa hiyo huweza kuwa sumu mwilini.

Potasiamu imo katika ndizi, viazi vitamu, maharagwe, machungwa na parachichi. Magnesiamu imo katika maharagwe, njugu, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Kwa watu wengi, chakula hiki kinatosha.

Tahadhari: usinunue vidonge vya potasiamu kwa hiari yako. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia enalaprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu yaweza kumzidi na moyo ukasimama. Hata ile chumvi maalumu ya wagonjwa wa presha aghalabu huwa na potasiamu. Uliza kwanza.

VIDONGE VYA CHUPANI

Mafuta ya samaki, yaani omega-3, husifiwa sana. Lakini mwaka 2021 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti saba zenye watu zaidi ya 81,000. Waliotumia vidonge hivyo walipatwa na ugonjwa huu kwa asilimia 25 zaidi ya wasiotumia, na hatari iliongezeka kwa waliomeza zaidi ya gramu moja kwa siku. Mwaka 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitaka onyo hilo liandikwe kwenye dawa za omega-3. Jambo hili halihusu samaki wa sufuriani. Omena na ngege ni chakula chema. Kilichopimwa ni mafuta yaliyokolezwa katika vidonge.

Vidonge vya kitunguu saumu, ginko, jinsengi na vitamini E kwa kiwango kikubwa huweza kubadilisha jinsi damu inavyoganda. Kitunguu saumu cha kuungia mchuzi hakina neno.

Na miti shamba? Supu ya olkiloriti na magome mengine ina heshima yake katika jamii ya Wamaasai. Ila fundo moja la magome halilingani na jingine kwa nguvu, na warfarini ni dawa isiyopenda kushtukizwa. Ukiitumia, usimfiche daktari. Kadhalika dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki: zikiongezwa juu ya warfarini bila ruhusa, tumbo laweza kuvuja damu.

POMBE, MIRAA NA UZITO

Tangu mwaka 1978 madaktari wa Marekani wameuita "moyo wa sikukuu" ule mdundo unaovurugika baada ya karamu ya pombe. Mwaka 2020, utafiti wa Australia uliwafuatilia wagonjwa 140 waliokuwa wanywaji. Kwa miezi sita, ugonjwa uliwarudia asilimia 53 ya walioambiwa waache pombe, na asilimia 73 ya walioendelea. Kwa hiyo, nyama choma ya Jumamosi yaweza kuliwa kwa kachumbari na maji. Miraa nayo huuharakisha moyo na kupandisha presha, afadhali iachwe.

Kahawa imesingiziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, wa wagonjwa 200 ambao moyo ulirekebishwa kwa umeme, ulionyesha kwamba ugonjwa uliwarudia asilimia 47 ya waliokunywa kikombe hivi kila siku, na asilimia 64 ya walioacha. Lakini usianze leo eti ni dawa, na ukiona kinakusumbua, kiache.

Kuhusu unene, utafiti wa Adelaide, Australia, wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao walikuwa na nafasi mara sita zaidi ya kukaa bila ugonjwa huu. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo 9. Punguza ugali na sukari ya chai, na utembee kila siku.

FANYA HIVI

1. Pima mpigo wako. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika moja. Mpigo usio na mpango, au unaozidi 100 ukiwa umetulia, uende nao kituo cha afya ukapimwe ECG.

2. Meza dawa saa ile ile kila siku. Usiikatize kwa sababu unajihisi nafuu.

3. Kula mboga kwa kiasi kisichobadilika, na upimwe INR msimu unapogeuka.

4. Beba vidonge vyako vyote kliniki, pamoja na chupa za lishe na majina ya miti shamba.

5. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali mara moja. Choo cheusi au damu isiyokatika pia ni dharura.

6. Mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, mpeleke atibiwe. Huenda ukauokoa moyo wake wa miaka 20 ijayo.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kidonge kile cha kliniki, kikiandamana na sahani isiyoyumba, ndicho mbachao wako. Chupa mpya ya dukani ni msala upitao, hata ikipambwa kwa picha ya moyo mwekundu.