Somo kwa Wazazi na Walimu: Hadithi ya Ndovu Kutoka India

Kila likizo, wazazi wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora huwapeleka watoto kwenye Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Mara nyingi mtoto hupita mbio kutoka chumba hadi chumba, na akirudi nyumbani hakumbuki alichoona. Nauli na ada ya kuingia huwa zimeenda bure. Hadithi moja fupi inaweza kusaidia.

Kabla ya ziara

Wasimulie watoto hadithi hii ya kale ya India. Watu sita wasioona walitaka kujua ndovu ni mnyama wa namna gani. Aliyegusa ubavu alisema ni kama ukuta. Wa pembe akasema mkuki, wa mkonga nyoka, wa mguu mti, wa sikio ungo, na wa mkia kamba. Wakabishana hadi wakagombana. Komea hapo, kisha uliza: nani alisema kweli? Usiwape jibu.

Mkifika makumbusho

Nendeni uani kwenye sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyesifika kwa pembe zake ndefu. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe dhidi ya majangili. Ahmed alikufa mwaka 1974. Sanamu hiyo ina ukubwa wake halisi.

1. Mpe kila mtoto karatasi na penseli. Mmoja asimame mbele, mwingine nyuma, wengine ubavuni.
2. Kwa dakika kumi, kila mmoja achore anachokiona tu, bila kuhama.
3. Waonyeshane michoro. Aliyesimama nyuma huenda hakuchora pembe. Je, amekosea?
4. Wazunguke sanamu pamoja. Waulize ni sehemu gani majangili waliitaka, na nani aliichora.

Sasa wajibu lile swali la hadithi. Kila mmoja alisema kweli, lakini si kweli yote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kama nauli haijapatikana

Tumia matatu yenye michoro iliyoegeshwa mahali salama mtaani. Hiyo pia ni sanaa, na mbele yake si sawa na nyuma. Kwa hadithi zaidi, muulize mkutubi katika maktaba za kaunti zilizoko Kaloleni na Makadara. Walimu wanaopanga ziara ya darasa wawasiliane na makumbusho mapema kuhusu siku na ada.